Kuwasomesha Walimu Mji Wao Wenyewe

Hakuna mwanafunzi mgumu kama mwalimu. Mtoto huja darasani hajui, wala haoni haya kwamba hajui. Mwalimu huja na miaka yake kumi au ishirini ya chaki, na somo ambalo ameshalirudia hadi maneno yanatoka yenyewe huku akili yake ikiwaza nauli ya kurudi nyumbani. Ukitaka kumfundisha jambo jipya, inabidi kwanza umpunguzie alilonalo, na umpunguzie bila kumvunjia heshima mbele ya wenzake. Wanaoiweza kazi hiyo ni wachache. Katika hao wachache, wanaonistaajabisha zaidi ni wakufunzi wanaowafundisha walimu wa Marekani historia ya watu weusi mijini na mapambano yao ya haki za kiraia, hasa wanaoifanyia kazi hiyo Chicago, mji ambao sehemu kubwa ya historia hiyo ilipitia.

Anayezijua semina za walimu za kwetu anajua mwendo wake: mgeni rasmi huchelewa, projekta hugoma, chai ya saa nne hufika saa tano, na ikifika alasiri macho yote yako kwenye fomu ya posho. Za Marekani nazo zina maradhi yake. Ila akipatikana mkufunzi aliyeiva, wiki moja ya kiangazi huwa na uzito wa muhula mzima, na inafaa kumtazama anavyofanya kazi, polepole, kama mtu anavyokaa pwani kumtazama fundi wa jahazi akichagua mbao.

Kinachomkabili kwanza ni simulizi fupi iliyopigwa pasi. Utumwa ulikuwapo, Lincoln akaufuta. Ubaguzi ulikuwapo huko Kusini, Rosa Parks akachoka miguu, akagoma kuondoka kwenye kiti cha basi mjini Montgomery mwaka 1955, Martin Luther King akahutubia Washington mwaka 1963, sheria zikapitishwa 1964 na 1965, mambo yakatengemaa. Ndivyo wengi walivyofundishwa, ndivyo wanavyofundisha. Miji ya Kaskazini haimo. Chicago ikitajwa, hutajwa kama mahali watu walipokimbilia kupata nafuu.

Mkufunzi mzuri haibezi simulizi hiyo, maana aliyeibeba amekaa mbele yake na ni mtu mzima. Anaichokonoa tu kwa swali moja. Rosa Parks alikuwa anafanya nini miezi michache kabla ya siku ile ya basi? Walimu huangaliana. Jibu ni kwamba alikuwa katibu wa tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, na kiangazi cha mwaka huohuo alihudhuria warsha katika shule ya Highlander, Tennessee, ambako alikutana na mkufunzi aitwaye Septima Clark, mwalimu wa Charleston. Mwaka uliofuata Carolina Kusini ilitunga sheria ya kuwakataza watumishi wa umma kuwa wanachama wa NAACP. Bi Clark alikataa kujitoa, akafukuzwa kazi na kunyimwa pensheni baada ya kufundisha kwa takribani miaka 40. Kumbe yule mama aliyechoka miguu alikuwa ametoka semina! Kicheko kinachofuata hapo kina faida yake. Walimu wameona kwamba wao wenyewe wamo ndani ya hadithi, na kuanzia hapo wanasikiliza kwa masikio mengine.

Baada ya hapo huletwa karatasi. Ni nakala ya mapatano ya wenye nyumba, ya aina iliyoenea Chicago baada ya mwaka 1927, pale chama cha madalali wa nyumba cha jiji kilipotoa kielelezo chake ili majirani wa mtaa wowote wajaze mipaka na kutia saini. Lugha yake ni ya mawakili, kavu, imejaa viwanja tajwa na wahusika waliotajwa hapo juu. Walimu huisoma kimya, kisha kwa sauti, mmoja sentensi moja, mwingine inayofuata. Wanafika kwenye katazo: mtu mweusi hatauziwa nyumba hiyo, hatapangishwa, hatakaa humo. Hilo walilitarajia. Wanaendelea, wanakutana na kifungu cha msamaha: isipokuwa mtunza jengo, dereva au mtumishi wa nyumbani, ambaye kwa muda wa ajira yake anaweza kulala kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwenye banda la gari huko nyuma, au kwenye vyumba vya watumishi.

Hapa mkufunzi ananyamaza. Angeweza kueleza maana ya kifungu hicho kwa dakika moja na kuendelea na ratiba. Badala yake anauacha ukimya ukae, hata ukaanza kuudhi, mpaka mmoja wao anaposema kwamba basi shida haikuwa kulala chini ya paa moja na mtu mweusi. Aliruhusiwa kulala, kupika, kulea watoto. Shida ilikuwa awe jirani, mwenye hati yake na ufunguo wake. Sentensi hiyo ikitoka kinywani mwa mwalimu, atakwenda nayo darasani kwake. Ikitoka kinywani mwa mkufunzi, inabaki kwenye daftari la semina. Mimi nimeona wakufunzi wengi wa masomo mengine wasioweza kustahimili hata nukta tano za kimya, na naamini tofauti kubwa kati ya fundi na mpiga domo iko papo hapo.

Karatasi hiyo huzaa hesabu. Mwaka 1937 Carl Hansberry, mfanyabiashara mweusi wa nyumba, alinunua nyumba namba 6140 South Rhodes Avenue, katika eneo la Washington Park lililokuwa chini ya mapatano ya namna hiyo. Majirani wakaenda mahakamani kumtoa. Mapatano yenyewe yalisema hayatakuwa na nguvu mpaka wenye asilimia 95 ya upana wa viwanja vinavyotazama barabara wawe wametia saini. Katika kesi ya awali, ya watu wengine, ilikubaliwa kwamba kiwango hicho kilifikiwa. Zilipohesabiwa saini, zilikuwa za asilimia 54 hivi. Na bado mahakama za Illinois zilimwambia Hansberry kwamba jambo lilishaamuliwa, halifunguliwi tena.

Mkufunzi huwapa walimu tarakimu hizo mbili, 95 na 54, na kuwauliza uongo ulipitia mikononi mwa nani. Wanahesabu: aliyeandika, waliotia saini, mawakili waliokubaliana, hakimu aliyepokea. Ni watu wengi, wenye majina na anwani, na wengi wao pengine walikuwa watu wa kawaida wanaokata majani ya uani siku ya Jumamosi. Ndipo inapofika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Novemba 1940. Hansberry alishinda. Walimu hufurahi, na mkufunzi huwaacha wafurahi kidogo kabla ya kuwapa aya ya kusoma. Mahakama haikusema mapatano hayo ni haramu. Ilisema tu kwamba mtu hawezi kufungwa na kesi ambayo hakuwa sehemu yake wala hakuwakilishwa ndani yake. Ushindi ulipitia mlango wa uani. Mlango wa mbele ulisubiri mpaka mwaka 1948, katika kesi ya Shelley na Kraemer iliyotoka St. Louis, na hata hapo mahakama zilikatazwa kuyatekeleza mapatano hayo, si watu kuyaandika.

Binti wa Hansberry, Lorraine, alikuwa mtoto mdogo walipohamia nyumba ile na umati ulipoishambulia. Mwaka 1959 tamthilia yake kuhusu familia nyeusi ya Chicago inayotaka kununua nyumba, A Raisin in the Sun, ilifika Broadway. Shule nyingi za Marekani huisoma katika somo la fasihi. Kwa hiyo mkufunzi mjanja humweka mwalimu wa fasihi meza moja na mwalimu wa historia, mmoja ana tamthilia, mwingine ana hukumu, na kuwaachia chumba.

Ramani huja siku inayofuata, na ramani ndiyo mtihani wa uaminifu wa mkufunzi. Serikali ya Roosevelt iliunda mwaka 1933 shirika la kuokoa wenye nyumba walioelemewa na mikopo, HOLC. Kati ya 1935 na 1940 shirika hilo lilichora ramani za miji zaidi ya 200, kila mtaa ukapewa rangi: kijani kwa mitaa bora, kisha buluu, kisha njano, na nyekundu kwa mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kwa mkopeshaji. Kila kipande kina fomu yake. Mkaguzi alijaza umri wa nyumba, kazi za wakazi, kipato chao, kama wamo wageni kutoka nje na wa taifa gani, kama wamo watu weusi na ni asilimia ngapi, na ni watu gani wanaanza kupenya humo. Ukimpa mwalimu wa Chicago ramani hiyo, kwanza hutafuta alipozaliwa mama yake, kisha shule anayofundisha. Chumba huchangamka. Vidole vinatembea juu ya karatasi.

Somo rahisi liko hapo tayari kuokotwa: mtaa ulipakwa nyekundu wakati ule, mtaa ni maskini leo, kazi imekwisha. Wakufunzi wengi huliokota. Mzuri hulikataa, nami nampendea hilo kuliko yote. Huwaambia walimu kwamba ramani hizo hazikuwekwa hadharani. Kwamba HOLC yenyewe iliwakopesha pia wenye nyumba weusi. Kwamba shirika jingine, FHA, lililoanzishwa mwaka 1934 kudhamini mikopo ya nyumba, lilikuwa na mwongozo wake wa ubaguzi na ndilo lililofunga milango kwa miongo mingi. Kwamba mapatano ya majirani na mabomu yaliyotupwa vibarazani yalitangulia rangi zote hizo. Ramani inaonyesha namna wenye mamlaka walivyofikiri, na kwa hilo ni ushahidi mkubwa. Kuibebesha dhambi yote ni kuwasamehe wengine. Mwalimu akielewa hivyo, mwanafunzi mkorofi akimtega kwa swali hataanguka.

Sisi wa miji iliyogawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini hatuhitaji kuelezwa sana mji unavyokatwa vipande. Dar es Salaam mkoloni alikata kwa kanuni za ujenzi, waziwazi. Chicago ilikatwa kwa hati za watu binafsi, mahakama ikagonga muhuri, benki na serikali zikamalizia. Utaona jinsi kazi ya mkufunzi wa kule inavyokuwa ngumu zaidi: hakuna bango la kuonyesha, kuna makabati ya karatasi.

Makabati hayo yana habari za waliokosa mikopo. Mtu mweusi aliyetaka nyumba katika mtaa wa North Lawndale, na benki haimtaki, aliangukia mikononi mwa mlanguzi aliyemuuzia kwa mkataba wa kulipa kila mwezi. Hati ilibaki kwa muuzaji hadi malipo ya mwisho. Ukikosa mwezi mmoja unaweza kutolewa, na ulicholipa kimekwenda. Kesho nyumba inauzwa kwa mwingine. Clyde Ross, aliyetoka Mississippi, alinunua nyumba yake mwaka 1961 kwa dola 27,500. Muuzaji alikuwa ameinunua miezi sita tu kabla kwa dola 12,000. Mwaka 1968 wanunuzi kama yeye walijiunga katika umoja wao, Contract Buyers League, na wengine wakagoma kulipa. Mkufunzi huwapa walimu mkataba, kikokotoo na muda, basi. Walimu wa hisabati, ambao kwa kawaida hujiona wamepotea njia katika semina ya historia, siku hiyo ndio wanaoongoza.

Kuna siku ya kutembea, na hapo utamjua mkufunzi aliyezoea. Hapandishi watu basi lenye kiyoyozi na kuwaonyesha majengo kwa kidole. Wanatembea Bronzeville, mtaa wa zamani wa watu weusi upande wa kusini wa jiji, kwa miguu, na kituo cha kwanza kinaweza kuwa sanamu ya Alison Saar iliyosimamishwa mwaka 1996: mwanamume mwenye sanduku la safari, ameelekea kaskazini, nguo zake zimeshonwa kwa soli za viatu. Soli zilizolika, zenye matundu. Walimu wanaambiwa wasogee karibu, waziangalie, wasiseme lolote kwa muda. Kisha ndipo zinapokuja takwimu: watu weusi wapatao milioni sita waliihama Kusini kati ya 1916 na 1970, Chicago ilikuwa na watu weusi 44,000 hivi mwaka 1910, na zaidi ya milioni moja mwaka 1970. Namba hizo zikitangulia soli hupita sikio moja na kutokea la pili. Mpangilio tu, wala si maarifa mapya, na ndio ufundi wenyewe.

Wakifika State Street hawaoni kitu. Pale palikuwa na Robert Taylor Homes, majengo 28 ya ghorofa 16 kila moja, yaliyokamilika mwaka 1962 kandokando ya barabara kuu mpya ya Dan Ryan, na la mwisho likabomolewa mwaka 2007. Kufundisha mbele ya jengo ni kazi ndogo; kufundisha mbele ya majani ni kazi ya mabingwa. Mkufunzi hutoa picha ya zamani, huwasogeza walimu hatua mbili kushoto mpaka nguzo ya taa ya kwenye picha ilingane na iliyopo, halafu huuliza: watoto waliokuwa wakicheza hapa walisoma shule gani, na wamekwenda wapi? Baadhi ya walimu wanajua jibu. Waliwafundisha.

Chicago ilibahatika kuwa na mzee aliyeyafanya haya yote kwa miguu yake mwenyewe. Timuel Black alizaliwa Alabama Desemba 1918, akaletwa Chicago angali mchanga, akapigana vita vya pili vya dunia Ulaya, akarudi kuwa mwalimu wa sekondari kisha wa vyuo vya jiji. Aliwahoji wenzake waliohama kutoka Kusini, mmoja mmoja, na mahojiano yao yakawa vitabu, Bridges of Memory. Aliwatembeza wanafunzi na wageni kwenye mitaa ya South Side mpaka uzee mkubwa, na alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 102. Mtu wa namna hiyo akiwapo, kishawishi ni kumkalisha mbele kama pambo na kumpigia makofi. Wakufunzi wazuri huwaandaa walimu kabla: andikeni maswali, yawe ya vitu vinavyoshikika. Kodi ya chumba ilikuwa kiasi gani? Jiko mlitumia familia ngapi? Nani alikwambia usivuke barabara ile? Msimuulize alijisikiaje; akitaka atasema.

Njia ya matembezi hayo hupita pia mtaa wa Wabash, kwenye jengo la YMCA lililojengwa kwa ajili ya watu weusi, ambamo Septemba 1915 Carter G. Woodson na wenzake wachache walianzisha chama cha kutafiti maisha na historia ya watu weusi. Babu wa kazi hii ni yeye. Alikuwa mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, akachimba makaa ya mawe West Virginia, akaingia sekondari akiwa na miaka 20, na mwaka 1912 akapata udaktari wa falsafa Harvard. Angeweza kuandikia wasomi wenzake tu. Lakini alijua kwamba kitabu kisichofika mikononi mwa mwalimu wa shule ya kijijini ni mzigo wa rafu. Februari 1926 alianzisha wiki ya historia ya watu weusi, ambayo baadaye ikawa mwezi mzima, na mwaka 1937 akaanza kutoa jarida kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa shule.

Vitabu vyake vilisomwa kwa hatari. Katika shule moja ya Louisiana, miaka ya 1930, mwalimu kijana aitwaye Tessie McGee alikuwa na muhtasari rasmi wa somo juu ya meza na kitabu cha Woodson mapajani. Mkuu wa shule akiingia, macho yanapanda kwenye muhtasari. Akitoka, yanashuka. Mwanafunzi wake mmoja aliyakumbuka macho hayo utu uzima wake wote. Tangu 2021 majimbo kadhaa ya Marekani yametunga sheria za kubana jinsi mambo ya rangi yanavyofundishwa, na mkufunzi anayewafundisha walimu kutoka majimbo hayo hahitaji kuwahutubia kuhusu ujasiri. Huwasomea habari za McGee, anaendelea.

Chicago yenyewe ina mfano wa wazi zaidi. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto na nchi ikihitaji umoja, shule za umma za jiji zilipokea masomo yaliyoandaliwa na Madeline Morgan, mwalimu wa shule ya msingi, kuhusu mchango wa Wamarekani weusi, tangu darasa la kwanza hadi la nane. Vita vilipokwisha hamu nayo ilififia. Ni kisa kifupi, na walimu wakongwe hukielewa bila maelezo. Nani kati yao hajaona mtaala mzuri ukizinduliwa kwa shangwe kisha ukaachwa kabatini?

Hadi hapa walimu ni mashujaa, na mkufunzi mwoga angeishia hapo. Sehemu inayobaki inawauma. Baada ya hukumu ya Brown ya mwaka 1954 iliyoharamisha shule za ubaguzi, walimu weusi kwa maelfu walipoteza kazi Kusini, kwa sababu shule zao ndizo zilizofungwa na wazazi wazungu hawakutaka mwalimu mweusi kwa watoto wao. Chicago, mkuu wa elimu Benjamin Willis alipendelea kujaza madarasa ya mabati yanayohamishika kwenye viwanja vya shule za weusi zilizofurika, kuliko kuwapeleka watoto hao kwenye shule za wazungu zenye nafasi. Tarehe 22 Oktoba 1963 wanafunzi zaidi ya 200,000 waligoma kwenda shule, na wengi wao wakasoma siku hiyo makanisani. Al Raby, aliyekuja kuongoza umoja wa vyama vilivyopambana na mfumo huo, na baadaye kumpokea King Chicago mwaka 1966, alikuwa mwalimu wa shule za jiji. Lakini walikuwapo pia walimu waliofundisha kwenye mabati yale kila siku na kuona sawa.

New York kulikuwa kuchungu zaidi. Mwaka 1968 wazazi weusi na wa Puerto Rico wa Ocean Hill–Brownsville, Brooklyn, waliokuwa wamepewa kwa majaribio usimamizi wa shule zao, waliamua kuwahamisha baadhi ya walimu, na chama cha walimu, ambacho wengi wa wanachama wake walikuwa wazungu, kikagomesha shule za jiji zima. Kila upande ulikuwa na hoja ya haki mdomoni. Katika chumba cha walimu wa leo, wengi wao wanachama wa vyama, somo hilo haliendeshwi kwa mbwembwe. Mkufunzi huwagawa watu, huwapa tamko la wazazi na tamko la chama, huwataka watetee lile wasilolipenda, kisha wabadilishane. Kwa Mswahili kuna cha kuongeza. Mwalimu mmoja aliyepitia mgogoro ule na kutoka humo, Jitu Weusi, alishiriki mwaka 1970 kuanzisha shule huru Brooklyn, wakaiita Uhuru Sasa Shule. Lugha hii unayoisoma ilikuwa ndani ya jina la shule yao.

Mtihani mgumu wa karibuni umetoka Chicago tena. Kati ya 1972 na 1991 kamanda wa polisi Jon Burge na askari wake waliwatesa watu zaidi ya 100, karibu wote weusi, ili wakiri makosa. Mei 2015 baraza la jiji lilipitisha fidia: dola milioni 5.5 kwa waathirika, msamaha rasmi, na sharti kwamba kisa hicho kifundishwe darasa la nane na la kumi katika shule za umma. Fikiria mwalimu aliyepewa jukumu hilo. Mbele yake amekaa mtoto wa polisi, na pembeni yake mtoto ambaye mjomba wake yuko gerezani. Mkufunzi hawezi kumpa maneno ya kusema. Anachoweza kumpa ni mpangilio: anza na hati ya jiji lenyewe, maana ni jiji lililokiri, usionyeshe mateso, onyesha waliodai haki kwa miongo mingi, mwachie mtoto mlango wa kutoka nje bila kuulizwa.

Kwa sababu hiyohiyo wakufunzi hawa hukataza michezo ya kuigiza ubaguzi darasani, ile ya kuwagawa watoto kwa rangi ya shati na kuwanyima nusu viti ili waonje. Nilipolisikia katazo hilo mara ya kwanza niliona ni woga. Sasa naona ni busara ya watu waliowahi kuokota vipande. Mtoto mweusi haonji chochote kipya hapo, na mweupe huondoka akidhani ameelewa. Hati inatosha. Ukurasa mmoja unaosomwa kwa makini una uzito kuliko igizo la saa nzima.

Alasiri ya mwisho ni ya andalio la somo. Wiki nzima ya soli, saini na rangi inabidi iingie katika dakika 45 za kipindi, na mwalimu hupigana na kalamu yake akitaka kuweka kila kitu. Mkufunzi hupita meza kwa meza akikata. Bakiza karatasi moja, swali moja, na ukimya wa kutosha. Wengine hununa. Wakirudi makwao, hicho kilichobaki ndicho kinachofundishika.

Nawe mwalimu wa historia unayesoma haya, uwe Tabora au Kisumu, ramani zile za HOLC pamoja na fomu zake zimewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Richmond, mradi wao unaitwa Mapping Inequality, na hulipii chochote. Fungua Chicago, chagua kipande kimoja cha rangi nyekundu, soma fomu yake mstari kwa mstari kabla ya kusoma maelezo ya mtu yeyote. Kisha nenda ofisi ya ardhi ya wilaya yako, uombe kuona ramani ya kwanza ya mji wako, uangalie nani aliichora na nani alipangiwa kukaa wapi.